Kalunde Aliyegoma Kumwitikia Mtemi

Nipeni masikio!

*Chukua!*

Nipeni na macho!

*Chukua!*

Nipeni na ulimi!

*Huo hatutoi!*

Safi kabisa. Msiutoe, na atakayekuja kuuomba mfukuzeni kwa mwiko. Wewe mwenye hindi la kuchoma, ama ule ama usikilize, mimi siwezi kushindana na meno yako. Haya.

Hapo kale, kale ile ambayo hata bibi wa bibi yangu alikuwa hajafikiriwa, palikuwa na nchi ikiitwa Igombelo. Nchi ya mtama, nchi ya ng'ombe, nchi ya watu wanaopenda kucheka. Mtawala wake alikuwa Mtemi Igulu, na ikulu yake ilikaa juu ya kilima. Chini ya kilima ulipita mto. Kiangazi mto ulikauka, lakini mchanga wake haukukauka: wanawake walifukua kwa mikono, maji yakaja taratibu, wakachota kwa kibuyu wakaenda zao. Hakuna aliyekufa kwa kiu Igombelo.

Sasa nchi ile ilikuwa na desturi yake. Neno la mtemi halikuwa amri mpaka liitikiwe. Mtemi akishasema, mwitikiaji husimama akajibu, "Ndivyo!" Watu wote wakapokea, "Ndivyo hivyo!" Hapo imekuwa amri. Lisipoitikiwa ni maneno tu, kama ninavyosema mimi na kuku wangu. Wazee wa zamani waliiweka desturi hiyo kwa sababu, na sababu yenyewe watu walishaisahau. Walibaki na wimbo. Mtemi anasema, wao wanaimba, kila mtu anarudi kwake kupika.

Mwitikiaji wa wakati huo alikuwa mwanamke, Kalunde. Mama yake aliitikia, bibi yake aliitikia, naye akaitikia. Sauti aliyokuwa nayo, jamani! Kalunde akiita kuku wake, mbuzi wa jirani nao wanakuja. Mumewe aliitwa Mihambo, mtu wa mabega mapana na maneno machache, na walikuwa wanapendana bila kujificha, hata majirani wakawa wanawasema.

Mwaka mmoja mvua ikachelewa. Haikukataa, ilichelewa tu, lakini Mtemi Igulu akaingiwa na hofu. Babu yake, huko nchi ya zamani walikotoka, alichimba kisima juu ya kilima akapata maji, na nyimbo zake ziliimbwa kila mavuno. Igulu alikua akizisikia. Akalala akaota maji. Alfajiri akatoka na jembe mwenyewe, akaenda nyuma ya ghala, akapiga jembe la kwanza. Udongo ukatoka umelowa!

Ngojeni kwanza, msipige vigelegele. Jana yake hapo hapo palikuwa na harusi ya mpwa wake, na mtungi mkubwa wa pombe ulipasuka hapo hapo nyuma ya ghala. Watu wote walikuwepo. Wengine walilia kwa uchungu.

Mtemi akaliinua lile bonge la udongo. Lilinuka pombe mpaka nzi walikuwa wanayumba. Akampa mnyampara wake mkuu, mshauri wake wa karibu, mzee mmoja anaitwa Kasubi, mtu ambaye shingo yake ilijua kuinama tu. Kasubi akanusa. Akafumba macho.

"Mtemi," akasema, "haya ni maji matamu."

Wanyampara wengine wakanusa. Kila mmoja alisikia pombe. Kila mmoja akamwangalia mwenzake, akaona mwenzake ametulia, akajisemea moyoni labda pua yangu ina kasoro. Wote wakatingisha vichwa.

Mbiu ikapigwa, watu wakapanda kilimani. Mtemi akasema, "Tutachimba hapa! Kama babu yangu!"

Kalunde alikuwa amesimama mahali pake, anawaza mlenda alioacha jikoni. Ameuacha kwenye moto mkali. Akasikia mtemi amenyamaza, akajua zamu yake imefika.

"Ndivyo!"

"Ndivyo hivyo!" wakaitika watu.

Wachimbaji wakateuliwa, na wa kwanza kuteuliwa alikuwa Mihambo kwa ajili ya yale mabega. Wakati wanashuka nyumbani akamuuliza mkewe, "Umeitikia?"

"Nimeitikia."

"Ulisikia lakini alichosema?"

"Kwani kuitikia kunataka kusikia?"

Wakacheka wote wawili mpaka nyumbani. Mlenda ulikuwa umeungua.

Basi wakachimba. Wakachimba udongo mwekundu, pakavu. Wakachimba udongo mweupe, pakavu. Wakachimba changarawe, pakavu kuliko unga. Majembe yakavunjika, kamba zikakatika, mzee mmoja akateleza akavunjika mguu. Mchimbaji mmoja akaenda kwa mtemi akapiga magoti, akasema, "Baba, humu hamna maji. Mchanga wa mtoni unayo, tukachimbe kule tupanue."

"Wewe ni mvivu," akasema Mtemi, na kwa kuwa amri ya kuchimba ilishaitikiwa, akampa yule bwana zamu mbili.

Kesho yake akaja mtu mwingine, mjanja huyo. Akasema, "Mtemi, nimemwona chura karibu na kisima." Mtemi akafurahi! Yule mjanja akachinjiwa mbuzi mzima. Chura! Chura haendi pasipo maji!

Sasa niambieni ninyi. Kama habari mbaya inakupa jembe na habari nzuri inakupa mbuzi, utaleta ipi? Usiniangalie hivyo, hata wewe ungeleta chura. Watu wakaanza kushuka mtoni kufukua vyura kwenye matope, wakiwapandisha kilimani ndani ya vikapu. Kilima kikajaa vyura. Vyura wenyewe walikuwa wanalia kwa kiu, na Mtemi akisikia ule mlio alikuwa anasema, "Mnasikia? Maji yako karibu."

Hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Alikuwa anakonda. Alikuwa halali. Lakini kila aliyeingia kwake aliingia na chura, sasa angejuaje?

Mnyampara mmoja, mdogo kwa umri, alijaribu. Alisema, "Mtemi, si tuache tu?"

"Tukiacha sasa," akajibu Mtemi, "yale majembe yamevunjikia nini? Ule mguu wa mzee umevunjikia nini? Tumeshaingia mno. Hatuwezi kutoka mikono mitupu."

Na kila jembe lililovunjika likawa sababu ya kuvunja jembe jingine.

Halafu Mtemi akaona jambo likamkera. Wanawake bado walikuwa wanachota maji mtoni. Akaona kila kibuyu kinachotoka mtoni kinakicheka kisima chake. Akaita watu mara ya pili, akasimama mbele yao.

"Kuanzia leo hakuna kufukua mchanga wa mto! Anayefukua mto hana imani na kisima. Kila mwanamke aje abebe udongo, tumalize kazi!"

Safari hii Kalunde alisikia. Neno lilifika mpaka tumboni. Akafungua mdomo, halafu akasita. Akawatazama watu akitafuta mtu mmoja tu aliyekunja uso. Wote walikuwa wamekaa kama kawaida. Akawaza, kumbe ni mimi peke yangu. Nao watu walikuwa wanamtazama yeye. Wakawaza, Kalunde akiitikia, basi jambo lenyewe litakuwa na maana tusiyoijua sisi.

Yeye anawaangalia wao, wao wanamwangalia yeye. Upumbavu gani huu, enyi wajukuu?

"Ndivyo," akasema Kalunde.

"Ndivyo hivyo!"

Jioni Mihambo akarudi akamkuta ameketi mlangoni.

"Umeitikia?"

"Nimeitikia."

Hakuna aliyecheka. Usiku ule watoto wa Igombelo walilala wakilamba midomo, na asubuhi ndama wakaanza kuanguka. Kalunde alibeba udongo kichwani pamoja na wanawake wenzake. Kila ndoo ya udongo ilimkumbusha sauti yake mwenyewe, akawa anajichukia.

Shimo likaenda chini zaidi. Siku moja Mihambo akarudi mapema, mwili mzima vumbi, changarawe kwenye nywele. Akaketi bila kunawa, maana yale matone ya akiba yaliyobaki mtungini hayakuwa ya kunawia.

"Ukuta wa kisima umechanika," akasema. "Ufa unaumeza mkono wangu mpaka kwenye kiwiko. Tukigonga chini, juu kunaporomoka."

"Umemwambia Kasubi?"

"Nimemwambia. Kasema nisimkatishe Mtemi tamaa. Kesho Mtemi anatangaza tuchimbe pembeni, kuingia chini ya huo ufa. Mimi nitatangulia." Akamtazama mkewe. "Akitangaza, utaitikia?"

Kalunde akamtoa changarawe kwenye nywele. Aliamka kabla ya jogoo, akajifunga kanga yake, akapanda kilima peke yake. Akamkuta Mtemi nje, ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, anaangalia shimo lake.

Akapiga magoti. "Baba Mtemi, ukuta umechanika. Watu watafia humo."

"Unasema hivyo kwa sababu mumeo yumo."

"Ndiyo, kwa sababu mume wangu yumo! Kwani wewe ungetaka niseme kwa sababu gani?"

Mtemi akaligeukia tena shimo lake. Akasema kwa sauti ya chini, "Kalunde, babu yangu anaimbwa mpaka leo. Mimi nikiacha shimo kavu, wataniimbaje?"

"Na ukiacha shimo lenye watu ndani?"

Hapo akakasirika, maana alikuwa ameshaliwaza hilo na hakutaka kulisikia kwa mtu mwingine. "Nenda mahali pako. Mtu wa kuitikia kazi yake ni kuitikia."

Kalunde akainuka, akapangusa magoti. Aliondoka na machozi, lakini alipofika chini ya ule mteremko machozi yalikuwa yameisha na kilichobaki kilikuwa hasira. Hasira safi, ya mtu aliyeambiwa kwamba mdomo wake ni mali ya mwingine.

Mbiu ikalia. Watu wakaja. Wachimbaji wakajipanga ukingoni mwa shimo, majembe mabegani, Mihambo wa kwanza. Mtemi akasimama.

"Leo tunamaliza! Wachimbaji washuke, wachimbe pembeni kuelekea mashariki!"

Watu wakafungua midomo, tayari kupokea. Wakangoja. Bwana mmoja mdomo wake ulikaa wazi mpaka akameza nzi. Kalunde amesimama mahali pake, midomo imefungwa, anamtazama Mtemi machoni.

Mtemi akadhani hakusikia. Akarudia kwa nguvu, "Wachimbaji washuke!"

Wapi.

Mara ya tatu akapiga kelele mpaka vyura wakanyamaza, "Wachimbaji washuke!"

Hola.

"Kalunde," akasema Mtemi, "unaumwa koo?"

"Siumwi, Mtemi."

"Basi itikia."

"Siitikii."

Haijawahi kusikika! Watu wakashikana mikono. Mtemi akapiga mguu chini. "Basi kuanzia leo nakuvua uitikiaji! Wewe si mwitikiaji tena!"

Kalunde akatulia kama mtu anayengoja chai ipoe. "Hiyo nayo ni amri, Mtemi. Inataka kuitikiwa."

"Basi itikia!"

"Siitikii."

"Askari! Mkamateni!"

Askari wakapiga hatua moja, wakasimama, wakaangaliana.

"Imeitikiwa?" akauliza mmoja.

"Haijaitikiwa," akajibu mwenzake.

"Sasa tunamkamata kwa amri ya nani?"

"Mimi sijui. Unaniuliza nini mimi, nami nakuuliza wewe?"

Basi Kasubi akaruka mbele, shingo imenyooka kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Ndivyo!" akalia. Sauti ikatoka nyembamba, ikakatikia njiani. Watu wakamtazama. Hakuna aliyepokea. Akajaribu tena, "Ndivyo, jamani!" Mtoto mmoja akacheka, mama yake akajaribu kumziba mdomo, naye akacheka pia. Miaka yote watu wale walifundisha midomo yao kufuata sauti moja tu, na sauti hiyo leo ilikuwa imegoma. Walitaka kuitika, wakashindwa.

Kalunde akawageukia.

"Wenzangu. Amri ya kwanza niliiitikia nikiwaza mlenda. Amri ya pili niliiitikia kwa woga, nikijua ni mbaya, kwa sababu niliwaangalia nikaona ninyi mnaamini. Mimi siamini. Sikuwahi kuamini. Nilidhani niko peke yangu."

"Hata mimi!" akapaza sauti mama mmoja mwenye ndoo ya udongo.

"Hata mimi siamini!" akasema mwingine.

"Udongo ule ulinuka pombe!" akalia mzee wa mguu uliovunjika. "Mimi mwenyewe niliinusa!"

"Mimi ndiye niliyekuwa nabeba vyura!" akasema yule mjanja, na hapo akaanza kulia kabisa, kamasi na machozi. "Nisameheni, ilikuwa nyama!"

Mtemi Igulu alikuwa anageuza kichwa huku na huku. Kila uso alioutazama ulikuwa mgeni kwake. Akafungua mdomo apige kelele, na kabla hajapiga, ardhi ikanguruma.

Wachimbaji wakaruka nyuma. Ule ufa ukafunguka, ukuta wa mashariki ukaegemea ndani polepole, halafu wote ukashuka kwa pamoja, na vumbi likapanda likawafunika watu wote. Watu wakakohoa, wakaitana majina. Kalunde akapita kwenye vumbi kwa mikono, anapapasa, anapapasa, mpaka akagusa lile bega analolijua. Mihambo alikuwa amesimama juu, jembe bado liko begani. Alikuwa anangoja amri.

Akamshika, akamshika mbele ya wanyampara na askari na Mtemi mwenyewe, na watu waseme watakavyo.

Vumbi lilipotulia hapakuwa na shimo, palikuwa na bakuli la changarawe. Na unajua Kasubi alisema nini? Nakwambia, mtu huyu! Alikung'uta kichwa chake, akamkimbilia Mtemi.

"Mtemi! Hii ni dalili! Udongo umelegea kwa sababu maji yako karibu!"

Na Mtemi, ninyi, macho ya Mtemi yakaanza kung'aa tena! Nawaapia. Watu nusura wafe, na moyo wake ukaanza kukirudia kile kile kisima. Akageuka kwa Kalunde, akavuta pumzi ya kutoa amri.

Kalunde akamwachia mumewe, akasogea mpaka akawa amesimama pua kwa pua na mtawala wa nchi. Hakupiga magoti.

"Mtemi," akasema, "sauti yangu ni yangu. Sitaitikia kisima. Sitaitikia leo, sitaitikia kesho, na ukiniua, utahitaji mtu wa kuitikia kifo changu. Kama unataka kuitikiwa, sema kitu ninachoweza kukiitikia."

Mtemi Igulu akaifunga ile pumzi ndani. Akamtazama Kasubi. Akaitazama changarawe. Akawatazama wale wachimbaji mmoja mmoja, wamesimama wazima, vumbi mpaka kwenye kope, na akaona mahali ambapo sasa hivi wangekuwa. Akajishika kwenye ukuta wa ghala.

"Nimekosea," akasema.

Alilisema chini chini, kama mtu anayejiambia mwenyewe. Lakini Kalunde hakumwacha alimeze. Alijaza kifua, akainua kichwa, na akatoa sauti ambayo mama yake hakuwahi kuitoa wala bibi yake:

"Ndivyo!"

Na watu wote, wanawake wenye ndoo na wachimbaji wenye vumbi, askari, mzee wa mguu, mbeba vyura, hata wanyampara walionusa wakanyamaza, wakapokea mpaka kilima kikatikisika:

"Ndivyo hivyo!"

Kisha wakateremka mtoni na majembe yao bila kungoja amri nyingine, wakachimba mchanga, wakanywa. Mtemi aliteremka nyuma yao, na Kalunde ndiye aliyemchotea kibuyu.

Na desturi ni desturi. Neno la mtemi lililoitikiwa ni sheria. Kwa hiyo kukosea kwa Mtemi Igulu ni sheria ya Igombelo mpaka leo, na watemi waliofuata, kila mmoja alipojaribu kuitangua, alikuta hakuna wa kumwitikia.

Ngano yangu nimeitua.

*Imetua!*

Aliyeipenda aibebe, aliyechukia akatunge yake.

*Tumeibeba!*

Basi ondokeni, nataka kulala.